Nanochembe zako zina ukubwa gani? DLS, TEM, AFM, SEM, XRD na spektra zikiwekwa bega kwa bega

Taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, imetoa chupa ya koloidi ya dhahabu (chembe ndogo mno zinazoelea majini) iitwayo RM 8011, yenye nanochembe za takriban nanomita 10 (nanomita, nm, ni sehemu ya bilioni ya mita), ili maabara zikagulie mitambo yao. Ukisoma karatasi inayoambatana nayo hukuti kipenyo kimoja. Unakuta kadhaa: AFM (hadubini ya ncha inayopapasa uso) nm 8.5, TEM (hadubini ya elektroni zinazopenya sampuli) nm 8.9, SEM (hadubini ya elektroni zinazopitishwa juu ya uso) nm 9.9, DLS (kipimo cha mwanga unaotawanywa na chembe) nm 13.5. Dhahabu ni ileile, na waliopima ndio kazi yao. Hata hivyo namba ya juu inaizidi ya chini kwa zaidi ya nusu.

Hakuna aliyekosea hapo. AFM imepima kimo cha chembe kavu iliyolala juu ya bamba la madini ya mika. TEM imepima kivuli cha metali. SEM imepima ukingo mng'avu pale elektroni zinaporuka kutoka kwenye uso wa chembe. DLS imepima mwendo wa chembe ikiwa majini, imevaa koti lake la ioni na molekuli za maji, tena katika kuhesabu imezipa chembe kubwa kura nyingi kuliko ndogo. Kwa hiyo anayeuliza mtambo upi ni bora ameanza na swali la pili. La kwanza ni hili: unataka ukubwa wa nini, na kwa kazi gani?

| Kipimo | Kinachopimwa hasa | Hali ya sampuli | Kinachopotosha mara nyingi |
|---|---|---|---|
| DLS | Kasi ya chembe kwenye kimiminika, pamoja na koti lake | Majimaji | Vumbi, mashonge (chembe zilizoshikana) machache makubwa, mnato usio sahihi |
| TEM | Kivuli cha kiini, chembe moja moja | Kavu, kwenye ombwe | Kushikana wakati wa kukauka, kuhesabu chembe chache |
| SEM | Umbo la uso | Kavu, mara nyingi imepakwa metali | Punje za metali iliyopakwa, kujaa chaji |
| AFM | Kimo juu ya bamba | Kavu au majini | Unene wa ncha kwenye upana, ncha chafu |
| XRD (eksirei zinazotawanywa na fuwele) | Ukubwa wa fuwele moja | Unga | Upana wa kilele utokanao na mtambo usipoondolewa, mkazo ndani ya fuwele |
| Spektra ya mwanga | Rangi itokanayo na ukubwa na kushikana | Majimaji | Kudhani kilele kinatofautisha nm 15 na nm 20 |

DLS: ya haraka, na ni rahisi kupotoshwa nayo

DLS huelekeza leza, mara nyingi nyekundu ya nm 633, kwenye kuveti (kichupa cha kupimia) yenye sampuli, kisha husoma jinsi mwanga uliotawanyika unavyometameta. Nanochembe majini hazitulii, kwa sababu molekuli za maji huzisukumasukuma kila upande. Ndogo hucheza kwa kasi, kubwa hujikongoja. Kutokana na kasi hiyo programu hukokotoa kipenyo kwa mlinganyo wa Stokes na Einstein, na ili ifanye hivyo inahitaji jotoridi na mnato wa kimiminika.

Hapo ndipo kosa la kwanza huingia. Mnato wa maji ni mPa·s 0.89 kwenye 25 °C na 1.00 kwenye 20 °C. Sampuli ikiwa bado iko 20 °C huku programu ikidhani ni 25 °C, chembe ya nm 50 itasomeka takriban nm 57. Acha kuveti itulie ndani ya mtambo kwa dakika 2 hadi 5 kabla ya kuanza. Na kama chembe zako ziko kwenye mchanganyiko wa maji na ethanoli au gliseroli, usitumie mnato wa maji matupu. Tafuta mnato wa mchanganyiko huohuo, kwa jotoridi hilohilo.

Kosa la pili ni zito zaidi, na hata mpimaji makini haliepuki kwa sababu linatoka kwenye fizikia yenyewe. Kwa chembe ndogo kuliko urefu wa wimbi la leza, mwanga unaotawanywa hukua kadiri kipenyo kinavyopandishwa kipeo cha 6. Chembe moja ya nm 100 hutawanya mwanga sawa na chembe milioni moja za nm 10. Chukua sampuli yenye chembe 1,000 za nm 10 na shonge moja tu la nm 100. Kwa hesabu ya vichwa, shonge hilo ni moja kati ya 1,001. Kwa macho ya DLS, hilo moja linatoa asilimia 99.9 ya mwanga wote, na zile elfu zimemezwa. Ndiyo maana vumbi kidogo tu linaweza kuharibu kipimo cha chembe ndogo.

Lakini udhaifu huohuo ndio nguvu yake. Hakuna kipimo cha kawaida kinachonusa mwanzo wa kushikana mapema kama DLS. Ukitaka kujua kama koloidi imedumu miezi mitatu kwenye jokofu, au kama chumvi, seramu au mabadiliko ya pH yameiangusha, pima kwa DLS kabla na baada. Namba moja peke yake ina thamani ndogo, ila mabadiliko yake yana thamani kubwa sana.

Namna ya kuipima vizuri:

1. Suuza kuveti mara tatu kwa maji yaliyopita kwenye kichujio cha mikromita 0.2. Chuja maji ya kuzimulia. Sampuli yenyewe usiichuje bila kufikiri, maana kichujio kinaweza kuondoa yale mashonge uliyokuwa unayatafuta.
2. Pima maji matupu kwanza. Yakitoa mwanga unaokaribia ule wa sampuli, ama maji ni machafu ama sampuli ni nyembamba mno.
3. Pima sampuli, izimue nusu kwa nusu, pima tena, kisha rudia. Kipenyo kinapaswa kubaki palepale. Kikipanda kadiri unavyozimua, sampuli ya kwanza ilikuwa nzito mno. Mwanga ulikuwa unagonga chembe nyingi kabla ya kutoka, na hilo hufanya chembe zionekane ndogo kuliko zilivyo.
4. Rudia angalau mara tano, kisha tazama mchirizi wa uwiano (mchoro wa jinsi mmetameto unavyoacha kufanana na ulivyoanza kadiri muda unavyopita) kabla ya kutazama kipenyo. Mchirizi mzuri huanza juu, hushuka mara moja kwa ulaini, na kutulia kwenye sifuri. Mkia wenye vilima mwishoni ni vumbi au chembe zinazozama, na hapo kipenyo chochote kitakachotolewa na programu kisikushawishi.

Chembe zenye chaji zikiwa kwenye maji safi kabisa huonekana kubwa kidogo, kwa sababu wingu la ioni linalozizunguka hutanuka na kuzipunguzia mwendo. Kwa shanga za polistirini dawa ni kutumia NaCl ya milimola 10 kwa lita. Usifanye hivyo kwa mazoea kwenye dhahabu ya sitrati (chembe zilizovikwa ioni za sitrati). Koloidi hiyo tayari ina chumvi yake, na ukiiongezea nyingine unaweza kuisukuma ishikane mbele ya macho yako.

Angalia pia faharasa ya mtawanyiko, PDI. Chini ya 0.1 chembe zinalingana vizuri. Ikizidi 0.7 sampuli haifai kwa DLS, basi. Na kuna tabia moja inayostahili kuachwa kabisa: kuchukua matokeo ya DLS, kubonyeza "kwa idadi" ili kipenyo kishuke na kufanana na cha TEM, kisha kukiandika kwenye ripoti. Ubadilishaji huo hugawanya kwa kile kipeo cha 6, kwa hiyo kelele ndogo upande wa chembe ndogo hukuzwa kupita kiasi. Andika kipenyo cha wastani kwa mwanga na PDI yake, kisha mwachie msomaji namba hiyo kama ilivyo.

Kwa vijiti vya dhahabu, tahadhari ni nyingine. Mbali na kusogea, vijiti huzunguka, na mzunguko huo hutoa kilele cha bandia cha nanomita chache. Wengi hudhani ni chembe ndogo zilizobaki kutoka kwenye mmenyuko, wakaanza kuzisafisha wakati hazipo.

TEM: jicho la kiini

Ernst Ruska na Max Knoll walijenga hadubini ya kwanza ya elektroni mjini Berlin mwaka 1931, na hadi leo hakuna mbadala wa kweli unapotaka kuona chembe moja moja: duara, kijiti, pembetatu, au kiini chenye ganda. Elektroni za kilovolti 200 zina urefu wa wimbi wa pikomita 2.5 hivi, kwa hiyo kikwazo cha kazi yako hakitakuwa urefu wa wimbi. Kikwazo ni jinsi ulivyoweka tone kwenye gridi.

Gridi ni duara la shaba la kipenyo cha milimita 3, lenye utando mwembamba wa kaboni. Kaboni huchukia maji. Ukidondosha tone juu yake hivihivi litajikunja kama shanga na kukauka likiacha pete: ukingoni chembe zimesongamana, katikati pametupu. Piga gridi plazma (gesi iliyochajiwa umeme) kwa nusu dakika hivi ili uso upende maji. Weka mikrolita 3 hadi 5, subiri dakika moja, kisha nyonya ziada kwa kugusa ukingo wa gridi na karatasi ya kuchujia. Kama sampuli ina chumvi au sukari, osha kwa tone la maji safi na kunyonya tena, la sivyo utapiga picha za fuwele za chumvi.

Hata ukifanya hayo yote, chembe husogeleana maji yanapokauka. Kwa hiyo picha ya TEM yenye mafungu ya chembe haithibitishi kwamba chembe zilikuwa zimeshikana ndani ya chupa, na picha nzuri ya chembe zilizotengana haithibitishi kwamba hazikuwa zimeshikana. Swali hilo lipeleke kwa DLS au spektra.

Kuhesabu ndiko kunakotenganisha ripoti nzuri na picha nzuri. Amua kabla ya kukaa kwenye mtambo: utapiga picha kwenye miraba mingapi ya gridi, na utaichaguaje. Ukichagua kwa macho, utachagua palipopendeza. Lenga chembe 300 au zaidi, na ukuzaji unaoipa kila chembe angalau pikseli 10 kwa kipenyo. Ukiwa na chembe za nm 10 zenye mchepuko sanifu wa nm 1, kuhesabu 100 kunakupa wastani wenye shaka ya nm 0.1. Hiyo inatosha kwa wastani, lakini haitoshi kueleza umbo la mgawanyo wala kuona kundi dogo la chembe kubwa. Programu ya bure ya ImageJ hufanya kazi hii vizuri: weka kipimo kwa kutumia mstari wa skeli uliomo kwenye picha, chagua kizingiti cha weusi, tenganisha chembe zinazogusana, toa zilizokatwa na ukingo wa picha, kisha hesabu. Jambo la kuangalia kwa makini ni kizingiti. Kisogeze kidogo juu na chini uone kipenyo kinabadilika kwa kiasi gani. Kikibadilika kwa nm 0.5, usiandike desimali mbili.

TEM haioni kila kitu. Koti la sitrati, polima au protini juu ya dhahabu halionekani, kwa kuwa kaboni na hidrojeni hazizuii elektroni vya kutosha mbele ya metali nzito. Liposomu (vifuko vidogo vya lipidi) na chembe za polima zenyewe hufifia kabisa. Kwa hizo hutumika rangi nzito ya kuzunguka chembe, kama yuranili asetati ya asilimia 1 hadi 2, ambayo ina mionzi na sumu, kwa hiyo glavu na chombo maalumu cha taka ni lazima. Usiitumie kwenye sampuli yenye bafa ya fosfati, maana itaunda mashapo yatakayofanana na chembe. Hapo tumia asidi ya fosfotungsteni iliyosawazishwa hadi pH 7. Kumbuka pia kwamba liposomu ikikaushwa hubonyea kama mpira uliotolewa upepo. Umbo lake halisi hupatikana kwa kuigandisha ghafla kwenye ethani ya kimiminika na kuipiga picha ikiwa imeganda, kazi inayotaka mtambo na mikono yenye uzoefu.

Spektra ya mwanga: anzia hapa kama ni dhahabu au fedha

Kipimo hiki, kinachoonyesha jinsi sampuli inavyofyonza mwanga wa kila urefu wa wimbi, huchukua dakika moja, hakiharibu sampuli, na spektrofotomita haikosekani kwenye maabara nyingi za kemia. Dhahabu ya nm 13 ina kilele karibu na nm 520, na fedha ndogo karibu na nm 400. Dhahabu ikianza kushikana, wekundu hugeuka zambarau kisha buluu, na kwenye spektra huinuka bega kati ya nm 600 na 700.

Isichoweza ni kutofautisha ukubwa unaokaribiana. Kutoka nm 10 hadi nm 40 kilele cha dhahabu husogea nanomita chache tu, na koti la polima pekee linaweza kukisogeza kiasi hichohicho. Anayesema chembe zake ni nm 17 kwa sababu kilele kiko nm 521 anakisia.

Faida yake nyingine ni kuhesabu dhahabu. Katika kuveti ya sentimita 1, ufyonzaji wa 1.2 kwenye nm 400 unalingana na milimola 0.5 za dhahabu ya metali kwa lita. Ukijua kipenyo, unapata idadi ya chembe. Chembe ya nm 13 ina atomu takriban 68,000, kwa hiyo milimola 0.5 zinagawanyika kuwa nanomola 7.4 za chembe kwa lita. Hapa sasa uchaguzi wa kipenyo unauma. Ukiweka nm 20 iliyotoka kwenye DLS badala ya nm 13 ya TEM, ujazo unazidi mara 3.6, na utadhani una chembe chache mara 3.6 kuliko zilizopo. Kingamwili utakazoongeza kwa hesabu hiyo hazitazifunika zote, na mchanganyiko utaanguka utakapotia chumvi. Kwa hesabu za metali tumia kipenyo cha metali. Koti la maji halina dhahabu.

AFM: amini kimo, usiamini upana

AFM ilibuniwa mwaka 1986 na Gerd Binnig, Calvin Quate na Christoph Gerber. Ncha kali hupapasa uso mstari kwa mstari, na kupanda kwake hurekodiwa kwa usahihi wa sehemu ndogo ya nanomita. Kwenda juu ni sahihi. Upande kwa upande, ncha ina unene wake. Ncha ya nusukipenyo cha nm 10 ikipita juu ya chembe duara ya kipenyo cha nm 10, upana utakaoonekana unakaribia nm 28, karibu mara tatu ya ukweli. Kwa hiyo pima kimo tu, katikati ya kila chembe, na uchukulie kimo hicho ni kipenyo ikiwa tu chembe ni duara na ngumu. Vijiti, bamba nyembamba na liposomu laini hazikubali kanuni hiyo.

Bamba liwe mika iliyobanduliwa muda huohuo kwa utepe wa kunata. Uso wa mika majini una chaji hasi, na chembe za sitrati nazo ni hasi, hivyo zinakimbiana na utabaki unapiga picha ya mika tupu. Paka kwanza poli-L-lisini ya asilimia 0.01 hadi 0.1 kwa dakika chache, suuza, weka sampuli, suuza tena, kausha kwa naitrojeni. Acha nafasi kati ya chembe, kwa kuwa zikipandana kimo hakina maana. Eneo la mikromita 1 kwa 1 lenye mistari 512, mstari mmoja kwa sekunde, huchukua dakika 8 na nusu, na kila pikseli ni nm 2. Kukusanya chembe 300 kwa mwendo huo kunataka subira.

Chembe zote zikionekana na umbo moja la ajabu, tena limeelekea upande mmoja, hiyo ni sura ya ncha yako. Ibadilishe.

SEM: nzuri kwa uso, hatari chini ya nm 20

SEM huonyesha jinsi chembe zilivyokaa juu ya kitambaa, utando au kichocheo, katika eneo kubwa. Mtambo wenye chanzo cha elektroni cha uga hufikia nm 1 hivi kwenye mazingira mazuri. Ule wa uzi wa tungsteni huanza kutoa ukungu mapema, na chini ya nm 50 picha zake si za kupimia kipenyo.

Kosa linalojirudia ni hili: sampuli isiyopitisha umeme hujaa chaji, picha huwa na michirizi myeupe na kuteleza, kwa hiyo mtu huipaka dhahabu ya nm 5 hadi 10. Dhahabu hiyo haikai kama rangi ukutani. Hukaa kama punje. Baadaye, kwenye ukuzaji wa 100,000, punje hizo huonekana kama nanochembe nzuri zinazolingana, na huhesabiwa. Ukilazimika kupaka, tumia kaboni, au piga picha ya bamba tupu lililopakwa siku hiyohiyo uone punje zake. Afadhali zaidi, weka chembe kwenye kipande safi cha silikoni na ushushe kilovolti hadi 1 mpaka 3, bila kupaka chochote.

Kichanganuzi cha elementi kilichoambatanishwa na SEM nacho kisitumiwe kupita uwezo wake. Kwenye sampuli nene, eksirei hutoka kwenye eneo la takriban mikromita moja, kwa hiyo alama ya fedha haithibitishi kwamba nukta ile ya nm 20 uliyoielekezea ndiyo fedha.

XRD: kwa unga wenye fuwele

Kwa unga wa titania (oksidi ya titani), zinki oksidi au feri oksidi, XRD hutoa mambo mawili kwa mkupuo: ni fuwele ya aina gani, na ina ukubwa gani. Paul Scherrer alionyesha mwaka 1918 kwamba kadiri fuwele inavyokuwa ndogo, ndivyo kilele kinavyopanuka. Ukubwa ni Kλ gawanya kwa β cos θ, ambapo K huchukuliwa 0.9, λ ni urefu wa wimbi wa eksirei (za shaba ni nm 0.154), β ni upana wa kilele kwa radiani, na θ ni nusu ya pembe ya kilele, 2θ.

Tuchukue kilele cha anatasi (aina moja ya fuwele ya titania) kwenye 2θ ya 25.3°, chenye upana wa 0.8° katikati ya kimo chake. Geuza upana kuwa radiani, 0.01396. Gawa pembe kwa mbili, 12.65°, ambayo kosaini yake ni 0.976. Jibu ni nm 10.2. Ukisahau radiani utapata nm 0.18, ndogo kuliko umbali kati ya atomu nyingi jirani, na angalau hapo utashtuka. Ukisahau kugawa pembe utapata nm 11.0, na hutashtuka. Kisha kuna upana wa mtambo wenyewe, unaopimwa kwa unga wa kiwango kama lanthanamu heksaboridi. Ukiwa 0.1° na ukautoa moja kwa moja, β inakuwa 0.7° na jibu linapanda hadi nm 11.6. Kwa fuwele zinazokaribia nm 100 upana wa mtambo humeza karibu kila kitu, na hesabu hii haifai tena.

Matokeo ni ya fuwele. Chembe moja inaweza kuwa na fuwele kumi zilizoungana, hivyo XRD ikisema nm 10 na TEM nm 40, zote mbili zinaweza kuwa sawa.

Ipi kwa kazi ipi

Kwa liposomu na chembe za lipidi za kubebea dawa, DLS ndiyo ya kila siku kwa kuwa kinachosafiri mwilini ni chembe pamoja na koti lake. Ongeza picha chache za TEM ya kuganda ili ujue kama ni tabaka moja au nyingi.

Dhahabu ya vipimo vya haraka vya ukanda, ambayo mara nyingi ni ya nm 40, pima kiini kwa TEM mara moja kwa kila pishi. Baada ya kubandika kingamwili, fuata kwa DLS na spektra. Kipenyo cha DLS kikipanda nm 10 hadi 20, kingamwili zimekaa. Kikipanda mara mbili au tatu, chembe zimeshikana.

Kwa unga wa oksidi, anza na XRD, kisha eneo la uso kwa njia ya BET (hupima gesi inayonata juu ya uso). Kipenyo cha wastani kwa nanomita ni 6,000 gawanya kwa eneo (mita za mraba kwa gramu) mara densiti (gramu kwa sentimita ya ujazo). Titania ya mita za mraba 50 kwa gramu, yenye densiti ya 4, inatoa nm 30. DLS ya unga uliokorogwa tu majini itakupa mamia ya nanomita, yaani mashonge. Ukitumia kijiti cha mawimbi ya sauti kuyavunja, weka chombo kwenye barafu, andika nguvu na muda, na ukumbuke kwamba ncha ya kijiti humong'onyoka na kuacha vipande vya titani ndani ya sampuli.

Kama lengo ni kuthibitisha kwamba bidhaa ni ya nano kisheria, usitegemee DLS. Umoja wa Ulaya, katika pendekezo lake lililorekebishwa mwaka 2022, huhesabu kwa idadi: asilimia 50 au zaidi ya chembe zote ziwe kati ya nm 1 na 100. Kuhesabu vichwa ni kazi ya hadubini ya elektroni.

Na kama fedha au muda vinaruhusu vipimo viwili tu, kwa koloidi chukua TEM na DLS, kwa unga XRD na TEM. Vikitofautiana usichukue wastani wa viwili. Andika kila kimoja kwa jina lake, kwa mfano: kiini kwa TEM, wastani na mchepuko sanifu, idadi ya chembe zilizohesabiwa, kipenyo cha mwendo kwa DLS, PDI, kimiminika, jotoridi, idadi ya marudio. Na kila panapotokea ±, sema kama ni mchepuko wa chembe zenyewe au shaka ya wastani, kwa sababu kwa chembe 400 ya kwanza ni mara 20 ya ya pili.